Cletus Ameitwa Shule, Baba Amemficha Porini

Kijiji cha Ilembo,
S.L.P. 41,
Mpanda.

Jumatano, 3 Januari 1979

Mpendwa kaka yangu Telesphor,

Tumsifu Yesu Kristu. Mwaka mpya umetukuta tunapumua, ashukuriwe Mungu, nami naomba uwe umewakuta hivyo hivyo huko Tabora, wewe, wifi Pelagia na watoto wote. Mguu wako uliokuwa unavimba unaendeleaje? Mwezi wa kumi na moja nilimpa Masele wa reli dawa ya mizizi akuletee. Kama hukuipata niambie, maana yule mtu akishapanda treni yake husahau hata jina la mama yake.

Huku mvua inanyesha vizuri. Mahindi yamefika kiunoni. Mpwa wako Hilaria alishikwa na homa juma la Noeli, lakini sasa ameanza tena kugombana na kuku, nikajua amepona. Mwandiko wangu usiucheke, kaka. Ni wa kisomo cha watu wazima, tunafundishwa alasiri kwenye godauni la kijiji, na mwalimu wetu ni mdogo kuliko kifungua mimba wako.

Habari za shemeji yako Josephat ni zile zile. Tangu aondoke na wenzake wa mgambo kwenda vita vya Kagera nimepata barua moja, mistari minne. Anasema ni mzima na huko ndizi ni nyingi. Basi. Watu hukusanyika kwa mwenye redio kule Majengo kusikiliza habari, mimi siendi. Nikisikia tu ile ngoma ya taarifa ya habari, naingia ndani nafunga mlango.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Cletus amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza huko kwenu Tabora. Shule nzima wamechaguliwa wawili tu, na mmoja ni mpwa wako. Anatakiwa afike Jumatatu tarehe 15 mwezi huu. Na hivi ninavyokuandikia, Cletus hayupo nyumbani. Baba amemchukua, amemficha porini kwenye kambi ya asali, na ametuma mtu kusema hatamtoa mpaka vita viishe.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana kosa la kwanza ni langu.

Karatasi ya kuitwa ililetwa na mwalimu wa Cletus siku mbili kabla ya Noeli. Furaha ikanipanda kichwani. Nikataka Baba aone kwamba na mimi sasa nasoma. Nikamwekea kigoda, nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno kama tunavyofundishwa. Kaka, karatasi ile haianzi na hongera. Inaanza na "Unaagizwa kuripoti". Halafu vinafuata vitu vya kubeba: blanketi moja, sahani na kikombe cha bati, jembe, panga, kaptula za kaki mbili, viatu vigumu. Mwisho inasema asiyefika siku hiyo nafasi yake atapewa mwingine. Nikamaliza, nikangoja anipongeze.

Baba akauliza, "Na bunduki watapewa huko huko?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake. Nikamwambia, "Baba, ni shule. Jembe ni la shamba la shule, siku hizi watoto wanalima chakula chao wenyewe."

"Hata sisi tuliambiwa ni shule," akasema. Akainuka akaenda kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Wewe unaijua hadithi yake ya shule ya Mjerumani, lakini nadhani unajua nusu tu, kama mimi. Mjerumani aliagiza kila mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, atoe mtoto mmoja apelekwe shule ya bomani. Mwanangwa wa kwao hakumtoa mwanawe, alimtoa Baba kwa kuwa alikuwa yatima. Walimu walikuwa watu wa pwani, ndiyo maana mpaka leo Baba akiongea Kiswahili utadhani amezaliwa Bagamoyo. Ukikosea hesabu, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na siku ya pili unahesabu vizuri. Baba husema Mjerumani hakuwa mnafiki. Alitaka makarani na watu wa kumhesabia mizigo, na hicho ndicho alichofundisha, upesi upesi. Kwa miaka miwili Baba alijua hesabu ambazo mimi mpaka leo zinanishinda.

Hiyo ndiyo nusu tunayoijua. Nusu nyingine alinieleza siku ya Noeli, wenzetu wakiwa kanisani. Vita vilipokuja, asubuhi moja mwalimu alisoma majina kama kawaida. Kila mtoto akaitika. Walipokwisha kuitika wakaambiwa watoke nje. Nje kulikuwa na mablanketi, sahani za bati, majembe, na nguo za kaki. Hawakurudi hata kuaga nyumbani. Walitoka tisa, wakarudi wawili. Na safari yao ilifika hapo hapo Tabora, wakiwa wapagazi, mizigo kichwani, mpaka Mbelgiji alipouteka mji. Naye hakuwaambia nendeni kwenu. Aliwabebesha ya kwake.

Basi fikiria, kaka. Zaidi ya miaka sitini imepita, na binti yake anakaa mbele yake anamsomea huku anatabasamu: blanketi, sahani ya bati, jembe, kaki, Tabora. Na mkwewe ameshaitwa vitani kwa majina kusomwa vile vile kwenye mkutano wa kijiji. Tarehe 27 niliamka kuwasha moto, Baba hayupo, Cletus hayupo, na vyombo vya asali havipo.

Nimejiuliza sana kwa nini mimi siiogopi shule kama yeye. Nadhani ni kwa sababu Mwingereza hakutuchapa sana, alitusahau tu. Serikali yake iliwaachia mapadri kazi yote na visenti kidogo, yenyewe ikawa inatafuta watoto wa machifu. Unakumbuka mimi nilivyosoma: nyimbo, katekisimu, kushona vitambaa vya meza, na meza yenyewe nyumbani hatuna. Nilipomaliza la pili sista akaniambia, kwa msichana inatosha, umeshajua kusali na sindano. Nililia njia nzima. Wewe ukaendelea. Ukavishwa kile kibao cha adhabu shingoni kwa kusema Kikonongo chetu, ukaja likizo unawaamkia mbuzi kwa Kiingereza, Baba akasema huyu tumekwishampoteza. Lakini Kiingereza hicho hicho ndicho kilichokupa kiti pale reli. Mimi wa sindano sikupata kiti, nimepata kisomo nikiwa na miaka arobaini. Ndiyo maana nafasi hii ya Cletus siwezi kuiona inakwenda kwa mwingine nikanyamaza.

Jana nilikwenda Majengo kwa rafiki yangu Vénérande. Ni mkimbizi wa Burundi, anakaa kule makazi ya Katumba, na siku za soko huja kuuza maharage. Nilimweleza nikitegemea atanicheka kidogo, anitie moyo. Hakucheka. Akasukuma maharage pembeni, akaniambia nikae.

Kumbe kwao alikuwepo Mbelgiji, na shule zake zilikuwa za namna nyingine. Za chini zilikuwa nyingi, za mapadri, kila kilima na kengele yake. Yeye mwenyewe alisoma miaka mitano, kwa Kirundi, dini na jembe. Lakini juu mlango ulikuwa mwembamba, Kifaransa cha wachache, na wengi wao watoto wa wakubwa. Kaka yake alipenya, akaenda sekondari, ukoo mzima ukawa unatembea kifua mbele. Mwaka 72, mauaji ya kwao yalipoanza, watu waliingia darasani na karatasi. Wakasoma majina. Kaka yake akaitika. Hawajamwona tena mpaka leo.

"Ego, ndiyo, mama Cletus," akaniambia, "mzee wako si kichaa."

Nikamuuliza, ungekuwa wewe ungemficha mtoto? Alipima maharage ya mteja, akafunga kitambaa chake upya, ndipo akasema, "Nilikuwa na kaka mwingine, wa mwisho. Huyo hakujua hata kuandika jina lake, alikuwa shambani na jembe. Naye walimkuta. Ujinga haukumficha. Ila yule wa shule alikuwa ametuandikia barua mbili kabla, na barua zake ninazo."

Kaka, sikulala, na leo sijala. Kesho kuna lori la tumbaku linakwenda Inyonga, dereva ni Kasimu wa pale Majengo, amekubali kuniteremsha njiani, karibu na njia ya kwenda kambini. Najua mwanamke haendi kambi ya asali. Najua Baba ataniambia nini. Nakwenda. Naacha hapa, nikirudi nitaendelea.

Jumapili, 7 Januari

Nimerudi jana. Mikono bado inauma kwa kushika vyuma vya lori, kwa hiyo utanisamehe herufi zikipinda.

Kasimu aliniteremsha kwenye daraja, nikatembea kama saa tatu kwenye mvua. Mbung'o wamenila shingo yote. Nilipokaribia nikaona matawi mabichi yamelazwa njiani. Wewe unayajua. Mwanamke hayaruki mpaka mizinga yote iwe imefunguliwa, akiruka wanasema nyuki hukasirika, na asali iliyobaki lazima iachwe. Nikasimama hapo hapo, nikaita.

Cletus akatoka mbio. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mnyonge, kumbe amenenepa! "Mama! Umeleta chumvi?" Ndiyo salamu yake hiyo. Kisha akasema, "Babu amenifundisha kuhesabu mizinga kwa Kijerumani. Ains, swai, drai, mpaka ishirini!" Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu anamficha mtoto na shule, huku anamfundisha chini ya mizinga.

Baba akaja nyuma yake, polepole, na masizi usoni.

"Nani kakuleta huku?"

"Miguu yangu, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Geuza."

"Nipe mtoto kwanza."

"Nimpe nani? Wewe, au mkuu wa vita?"

Nilimjibu vibaya, kaka, nakuambia ukweli. Nilimwambia kwamba vita vyake vya zamani asimtwishe mtoto wangu, na kwamba yeye hakumzaa Cletus. Akageuka anaondoka, na Cletus anamfuata. Hapo sikujua nafanya nini. Nikashika gauni, nikainua mguu mmoja juu ya matawi.

"Baba, naruka."

Wenzake wawili walikuwa wanatazama kutoka kwenye moto. Mmoja akapiga kelele, "Lyamba! Mpe binti yako mtoto wake, mizinga kumi na mmoja bado! Unataka tule magome?"

Baba akasimama. "Marsela, teremsha mguu."

Nikauteremsha, upande wangu. Tulikaa chini hapo kwenye matope, yeye ng'ambo ya matawi, mimi huku, Cletus katikati hajui aangalie wapi. Nikamwambia bila hasira sasa. Josephat hakusoma hata la kwanza, na jina lake limesomwa. Siku wakimtaka Cletus watakuja na huku porini, watamkuta hana anachojua zaidi ya ains swai drai. Halafu nikamuuliza neno ambalo hatujawahi kumuuliza, wala wewe wala mimi wala marehemu Mama. Nikamuuliza, wale saba walikufa, wewe na mwenzako mlirudi kwa nini?

Akawa anachuna majani kwenye tawi, moja moja.

"Tulikuwa tunajua hesabu kuliko wengine," akasema. "Wakatuweka sisi wawili kuhesabu mizigo jioni. Wale saba wakaibeba."

Nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa sauti. Akajifuta masizi, yakazidi kuenea. Cletus akamwambia, "Babu, basi na mimi nitasoma hesabu." Baba akamwambia nyamaza, hakuna aliyekuuliza. Lakini alimwambia kwa sauti ile yake ya utani.

Kisha akatoa sharti. Atamwachia Cletus, lakini hatamtuma peke yake. Atakwenda naye Tabora yeye mwenyewe, kwa miaka yake hiyo, mji ambao hajaukanyaga tangu aliporuhusiwa kushusha mzigo wa Mbelgiji. Alisema, "Nataka nisikie jina lake likisomwa. Halafu nione akishaitika anakaa au anatoka."

Jana tumerudi wote watatu kwa lori la Kasimu, likitoka Inyonga.

Kwa hiyo sikiliza, kaka, nina maombi, na siku ni chache. Barua hii anaileta Masele kwa treni ya Jumanne. Yeye anageuza, Alhamisi yuko hapa. Baba na Cletus wamepanga kupanda Ijumaa.

Nakuomba Jumatano uende pale shuleni kwa miguu yako. Usimuulize mlinzi wala usiulize habari za mjini. Waangalie wale vijana wakubwa wa vidato vya juu, wapo au hawapo? Waulize wao kama kuna aliyechukuliwa kwenda vitani. Mimi huku nasikia maneno mengi, mmoja anasema wanafunzi hawaguswi, mwingine anasema mtoto wa binamu yake alichukuliwa na daftari mkononi. Sijui nani mwongo. Wewe jionee mwenyewe, kisha mwambie Masele neno moja tu, waje au wasije. Ukisema waje, watapanda. Ukisema wasije, nitapeleka aibu yangu kwa mwalimu wake, nafasi apewe mwingine, na Cletus nitamrudisha kambini mwenyewe.

Usinipe jibu la kunifurahisha. Najua moyo wako, unapenda shule kuliko chakula, na ulipokuwa mdogo ulikuwa unanificha mimi mambo mabaya nisilie. Safari hii usinifiche. Baba alimficha mtoto, mimi ndiye niliyemtoa. Likimpata jambo, hakuna Mjerumani wala Mwingereza wa kumlaumu, ni mama yake aliyesimama kwenye matawi akatishia kuruka.

Na kama ni waje, mwombe mkuu wa shule ruhusa Baba asimame kwenye dirisha la darasa Jumatatu asubuhi, majina yakisomwa. Mweleze kwa heshima sababu yake, na yeye ni mtu, ataelewa. Wasimfukuze kama mzee wa shamba aliyepotea njia. Hatasema kitu. Akishaona Cletus amekaa na ameandikiwa kitu ubaoni, atatoka mwenyewe. Kama kuna mchakamchaka na nyimbo za vita alfajiri, mwambie Baba mapema kwamba ni mazoezi, asivione ghafla. Usimdanganye kwamba havipo. Akigundua umemdanganya, hata kwa jambo dogo, atamshika mtoto mkono na hutawaona tena.

Baba ameniona naandika, ameuliza ni kwa nani. Nimemwambia. Ameniagiza nikuandikie hivi: uwe stesheni wewe mwenyewe, usitume mtu na karatasi yenye jina lake.

Nisalimie sana wifi Pelagia, mwambie vitenge alivyoniletea bado vinapendeza. Msalimie Skolastika mkubwa wenu, na wadogo zake wote mmoja mmoja. Hilaria anamsalimia mjomba na anasema kuku ndio wenye makosa. Vénérande naye anawasalimu ingawa hamjuani. Mungu awafunike nyie wote kwa mkono wake, amlinde Josephat huko aliko, na akufungulie macho Jumatano uone kilicho kweli.

Mimi dada yako nikupendaye, ninayekaa na masikio kwenye honi ya treni mpaka Alhamisi,

Marsela binti Lyamba